Mzigo na Furushi

Manyatta, Kisumu
Jumapili jioni

Dada mpendwa,

Bwana asifiwe. Barua yako ilinifikia Ijumaa. Umeniuliza mawili: ufanyeje na yule mama wa ushirika wenu ambaye tangu amzike mumewe Siaya na kurudi Nakuru haonekani kanisani, na ufanyeje na wewe mwenyewe, ambaye ukipiga magoti maneno hayaji. Nianze na yeye, maana nadhani la kwako limejificha ndani ya lake.

Unajua matanga ya huku. Hema, viti vya kukodi, sufuria zisizotoka motoni, kamati kila jioni mpaka bili ya mochari ilipwe na gari lipatikane. Mtu akishazikwa, vyote hukunjwa siku moja pamoja na hema. Mjane hurudi kwenye chumba kile kile, kodi ikimngoja. Wiki ya tatu au ya nne ndipo uchungu unapoanza kusema, na kufikia hapo simu imeshanyamaza. Kwa hiyo msikimbilie kusema amerudi nyuma. Waliorudi nyuma ni wageni wake.

Nunua daftari. Andika tarehe aliyofariki mumewe, kisha tarehe hiyo hiyo kwa kila mwezi hadi mwaka uishe, siku shule zinapofunguliwa, na Krismasi ya kwanza. Kando ya kila tarehe andika jina la mtu mmoja wa ushirika. "Tutapita kukuona" isiyo na siku wala jina haina mwenyewe.

Mkienda, nendeni wawili. Wanane wakijaa chumba kimoja, ataanza kuhesabu vikombe, atamtuma mtoto dukani akakope sukari na maziwa, na ziara yenu itakuwa imemwongezea deni. Bebeni unga wa kilo mbili, sukari kilo moja, majani, mafuta ya kupikia na kipande cha sabuni. Soda na mkate mtavila ninyi wenyewe pale pale. Mmoja wenu ainuke aoshe vyombo bila kuomba ruhusa. Swali la kwanza liwe la usingizi na chakula, si la maombi. Elia alipoomba afe, malaika alimlisha, akalala tena, akamlisha mara ya pili (1 Wafalme 19), na habari za Horebu, mlima ambapo Mungu alisema naye, zikaja baadaye. Someni Zaburi ya 13, ina aya sita tu, ombeni kwa ufupi, na dakika arobaini zisipite mkiwa bado mmekaa. Kabla ya kutoka tajeni siku ya kurudi.

Maneno yawe machache. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hapo hawakukosea. Walipoanza kueleza sababu ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao. Lile la "Mungu hakupi mzigo usioweza kuubeba" liacheni kabisa. Watu hulitoa 1 Wakorintho 10:13, lakini Paulo pale anazungumzia majaribu yanayomvuta mtu kutenda dhambi, si kufiwa. Tena anasema na "ninyi", kanisa zima.

Na tafadhali, habari zake zisigeuzwe ombi kwenye kundi la WhatsApp. "Tumwombee dada yetu, amefungiwa nyumba" ni udaku uliovaa kanzu. Uliza kwanza: nimwambie nani, na nimwambie nini?

Kanisani mtamrudishaje? Mara nyingi shida ni kiti. Pale walipokuwa wakikaa wawili sasa panaonekana kama shimo, na wimbo ulioimbwa kaburini ukianza, koo linaziba. Mtu ampitie nyumbani, mkae safu nyingine karibu na mlango, aweze kutoka na kurudi bila kutazamwa. Asisukumwe kutoa ushuhuda. Na akija mhubiri wa kumwambia apande mbegu ya pesa ili afunguliwe, au aache dawa zake za presha kwa kuwa ameombewa, simama katikati, hata kama wewe si mtu wa kelele.

Sasa pesa. Wagalatia 6:2 inatuambia tuchukuliane mizigo, halafu aya ya 5 inasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Watu huona kama Paulo amejisahau. Mzigo ni ule unaomwangusha mtu. Furushi ni la msafiri, lake, analimudu. Kodi ya miezi miwili iliyorundikana ni mzigo: mlipeni mwenye nyumba moja kwa moja. Kuamua kama atabaki Nakuru au atarudi kwa wakwe ni furushi, msimbebee. Ninyi ni kumi na wawili. Shilingi 50 kwa wiki kila mmoja ni 600. Wiki sita ni 3,600, kiasi cha chini cha SHA, bima ya afya ya serikali, kwa mwaka mzima kwa nyumba isiyo na mshahara. Mimi ningeanza na hiyo, maana mtoto akiugua kabla haijalipwa, mtarudi kwenye harambee. Mhazini aandike kila shilingi na watu wawili wakague.

Jambo moja halingoji. Akisema amechoka kuishi, au akianza kugawa vitu vyake, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Usimwache peke yake, ondoeni nyumbani vinavyoweza kumdhuru, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Msalaba Mwekundu hupokea simu bure kwa 1199. Wengi hunyamaza kwa kuogopa polisi. Mwambie kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa kinapingana na Katiba.

Na wewe? Umebeba vya watu bila kupokezana. Wale wanne wa Marko 2 walimbeba mgonjwa kwa pamoja, na Yesu akaiona imani yao, wao waliobeba. Kwa hiyo ziara mbili kwa wiki, basi. Ya tatu mpe mwenzako. Maneno yakikataa, sema Baba Yetu kwa sauti, saa ile ile, kigoda kile kile, kisha Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani na bado ni sala. Ombi la yule baba wa Marko 9:24 linatosha kwa siku nzima: naamini, nisaidie kutokuamini kwangu.

Niandikie tarehe ya kwanza ya daftari ni lini na jina lililoandikwa hapo. Ukikosa mtu wa siku ya kufungua shule, nijulishe wiki mbili kabla. Matatu ya asubuhi kutoka huku hunifikisha mapema.

Ndugu yako katika Kristo