Barua kwa mwanangu Zuhura: mwanamke aliyechora vyombo vya kaure

Portland, Maine, Marekani

Mwanangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inatuandama. Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma mara nyingi. Umeniuliza kama kuna faida ya kuendelea kuchora vikombe na sahani ilhali una mtoto mchanga, na watu hapo nyumbani wanakwambia hiyo si kazi, ni kujipumbaza. Nimeona jambo hili halifai kujibiwa kwa simu. Tulia, mnyonyeshe mjukuu wangu, usome taratibu.

Kuna mwanamke wa pwani ya huku aliitwa Celia Thaxter. Alizaliwa mwaka 1835 Portsmouth, mji mdogo wa bandari jimbo la New Hampshire, kama kilomita 80 kusini mwa hapa tunapokaa. Alipokuwa na miaka 4 baba yake alipata kazi ya kulinda mnara wa taa za meli katika Visiwa vya Shoals, miamba mitupu kilomita 10 hivi kutoka bara. Baadaye mzee akajenga hoteli kubwa ya mbao katika kisiwa cha Appledore, na matajiri wa Boston wakawa wanakuja kupunga upepo kila kiangazi. Celia aliolewa mwaka 1851, akiwa na miaka 16, na Levi Thaxter, aliyekuwa mwalimu wake. Bwana huyo alikuwa msomi wa Chuo Kikuu cha Harvard, ila kazi za mshahara hazikumkaa. Wakajaliwa watoto watatu wa kiume. Wa kwanza, Karl, alikuwa na ulemavu, na mama yake ndiye aliyemwangalia miaka yote.

Basi jiulize pesa ya matumizi ilitoka wapi. Sehemu yake ilitoka kwenye kalamu na brashi ya mama. Mashairi yake yalichapwa Boston na kusomwa nchi nzima. Na kuanzia miaka ya 1870 akaanza kuchora vyombo vya kaure na kuviuza.

Wakati ule kazi hii iliwashika wanawake wa Uingereza na Marekani kwelikweli. Mwaka 1877 Mary Louise McLaughlin wa Cincinnati alitoa kitabu cha kufundisha wanawake kuchora kaure majumbani, nacho kikanunuliwa mno. Walinunua vyombo vyeupe, vingi kutoka Limoges, Ufaransa, vilivyokwisha kuchomwa na kupakwa mng'ao kama wa kioo, wakachora juu ya ule mng'ao, kisha vikachomwa tena ili rangi ishike.

Nakuelezea kazi yenyewe kwa sababu wewe utaielewa kuliko hao wanaokusema. Rangi ilikuwa unga wa madini uliochanganywa na unga wa kioo laini. Unaumwaga juu ya kipande cha kioo, unatia mafuta mazito na tapentaini kidogo, unausaga mpaka usisikie hata chembe chini ya kisu. Ukizidisha mafuta, rangi inatoa mapovu motoni. Ukichora, unachora usichokiona, maana rangi mbichi siyo itakayotoka tanurini. Ile ya waridi ilitengenezwa kwa dhahabu halisi: moto ukipungua inageuka rangi ya matofali, ukizidi inaingia uzambarau. Nyekundu itokanayo na chuma hufifishwa na moto mkali, kwa hiyo unaiacha mwisho. Chombo kimoja kinaweza kuingia tanurini mara tatu au nne, kwenye joto la nyuzi 700 za Selsiasi na zaidi, na kila mara kinaweza kutoka na ufa. Wengi hawakuwa na tanuri. Walifunga vyombo kwa majani makavu, wakavipeleka kwa mwenye nalo, wakarudi nyumbani kungoja.

Jagi lake moja nimeliona kwa macho yangu kule Portsmouth, ndani ya kabati la vioo. Amelizungushia tawi la mzeituni, na maandishi ya Kigiriki yamepita katikati ya majani. Kila jani lina upande wa kijani na upande wa fedha, na mahali brashi ilipoinuka unapaona, ncha ya rangi imebaki nyembamba kama unywele. Nilisimama pale mpaka wenzangu wakaniita. Alichora pia mwani na maua ya bustani yake, vitu alivyoviona kila siku dirishani.

Sasa sikiliza jambo ambalo ndilo nililotaka kukwambia. Majira ya baridi ya miaka ile hoteli ilifungwa, wageni wakaondoka, na Celia akabaki kisiwani na mama yake mgonjwa pamoja na Karl. Alipika, alishona, aliuguza, na katikati ya hayo alichora. Kiangazi wageni waliporudi waliingia sebuleni kwake, wakasikiliza muziki, wakanunua vyombo. Hakungoja maisha yatulie ndipo achore, maana hayakutulia. Mama yake alifariki mwaka 1877, mumewe mwaka 1884, na yeye mwenyewe mwaka 1894, kisiwani palepale. Mdogo wa wanawe, Roland, akawa profesa wa Harvard, bingwa wa elimu ya kuvu na uyoga.

Wanaokwambia si kazi, hata wakati ule walikuwapo, na maneno yao yalikuwa na sababu zake. Katika viwanda vya vyombo vya Uingereza mafundi wanaume waliwazuia wanawake kutumia kijiti cha kuegemezea mkono wakati wa kuchora, kusudi wasiweze kufanya kazi nyembamba inayolipwa vizuri. Mwanamke alichora mkono ukining'inia, kisha akaambiwa mstari wake haujanyooka. Linanikera mpaka leo. Unalikumbuka bakuli la bibi yako la maua mekundu, lililoandikwa Maastricht chini? Bakuli za aina ile zilitoka viwandani Uholanzi zikaletwa kwetu pwani kwa majahazi na meli, na maua viwandani humo mara nyingi yalipakwa na wanawake na wasichana. Nyumba nzima tulilitunza bakuli lile, na hakuna aliyewahi kusema si kazi.

Kwa hiyo, mwanangu, chora. Mtoto akilala chora, akiamka acha. Bei yako usiipunguze eti kwa kuwa mnunuzi ni jirani. Hesabu rangi, hesabu vinavyopasuka, hesabu na usiku wako. Brashi ndogo za manyoya nimempa mama Rehema, anasafiri kuja Tanga mwisho wa mwezi. Mwambie mumeo akapokee mzigo mapema, na nitumie picha za vile vikombe vya samaki kabla hujavipeleka sokoni, maana kimoja nakitaka mimi, na nitakilipia.

Mama yako