Kuhusu sarafu za shaba alizokuachia babu yako

Tanga

Rafiki yangu mpendwa,

Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata, na kabla sijajibu lolote nakusihi uwazuie vijana wa nyumbani wasizisugue sarafu za marehemu babu yako kwa ndimu na majivu. Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana niliisugua hivyo hela moja, ile sarafu ndogo ya shaba ya utawala wa Wajerumani, ya mwaka 1904. Iling'aa siku mbili tatu, kisha ikabaki na wekundu mbichi uliojaa mikwaruzo, na kila mkusanyaji niliyemwonyesha aliirudisha mkononi mwangu bila kuuliza bei. Ule weusi unaodhaniwa kuwa uchafu ndio ngozi ya shaba, na ukishatoka haurudi.

Umeuliza kama umri wa zaidi ya miaka mia moja hautoshi kuzipa thamani. Hautoshi. Hela za Wajerumani zilifuliwa, yaani zilipigwa chapa, kwa mamilioni, hata jina lake likabaki vinywani mwetu baada ya sarafu zenyewe kuondoka, na kwa hiyo iliyolika haina bei kubwa hata ikiwa ya zamani namna gani. Kinachotazamwa ni zilizosalia ni ngapi, na hali ya hiyo uliyoishika. Itazame karibu na dirisha, mwanga ukiipiga kwa ubavu: ikiwa mapambo madogo ya taji lililochorwa juu yake bado yanahesabika, hiyo iweke kando, kwa sababu sehemu zilizoinuka ndizo zinazotangulia kulika.

Kisha tafuta herufi ndogo inayoonyesha mji sarafu ilikofuliwa. A ni Berlin na J ni Hamburg, na sarafu mbili za mwaka mmoja huweza kutofautiana bei kwa herufi hiyo tu. Hela tano ile kubwa ya shaba, isiyo na tundu, ilifuliwa Hamburg mwaka 1908 na 1909 pekee, kwa hiyo ukiikuta nzima usiiuze kwa haraka. Ile ya hela ishirini unayosema ina herufi T na mwaka 1916 ndiyo iliyonisisimua zaidi, kwani ilitengenezwa Tabora wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, katika karakana ya reli, kwa shaba yoyote ya njano au nyekundu iliyopatikana. Muhuri wa kuipigia chapa ulibadilishwa mara kadhaa, na wakusanyaji hutofautisha taji kubwa na taji dogo, jambo ambalo siwezi kuliamua kwa maelezo ya barua.

Kuhusu senti kumi zenye tundu za Afrika Mashariki, za wakati wa Waingereza, za mwaka 1936, ni kweli zina jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyetawala chini ya mwaka mmoja, na ni kweli pia kwamba peni za Uingereza zenye sura yake hazikuwahi kutolewa kwa matumizi. Lakini senti zetu, ambazo hazikuhitaji sura ya mfalme, zilikwisha kufuliwa kwa wingi, hivyo usimwamini mtu atakayekutajia bei ya ajabu.

Tafadhali iweke kila moja katika bahasha yake ya karatasi, uzishike kwa ukingo, na unitumie picha za pande zote mbili za ile ya Tabora, ikiwa imelazwa kando ya rula. Nikishaliona taji nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Ndimi rafiki yako wa siku zote.