Jumamosi tunamjadili Cabral

Ndugu wanakikundi, salaam. Jumamosi baada ya alasiri mjadala wetu ni Amílcar Cabral, mkombozi wa Guinea-Bissau na Cabo Verde.

Naomba tuanzie kwenye kilimo. Alikuwa bwana shamba. Mwaka 1953 aliongoza sensa ya kilimo, akawajua wakulima kabla hajawaomba wapigane na Wareno. Ndiyo maana mwaka 1965 aliwaagiza makada wa PAIGC, chama chake cha ukombozi, wasiwafiche wananchi ukweli wala wasijisifie ushindi mwepesi, na wakumbuke kuwa watu hawapiganii nadharia, wanapigania maisha bora. Kwangu mimi, hapo ndipo penye uzito wake wote.

Aliuawa Conakry, katika nchi jirani ya Guinea, Januari 1973, miezi minane kabla uhuru wa Guinea-Bissau haujatangazwa.

Kila mmoja aje na swali moja, tafadhali. Vijana mtaanza kuzungumza.