Kwa mpwa wangu anayeenda kusomea saikolojia

Mpwa wangu,

Mama yako alinipigia simu jioni ile ile majibu ya KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo, yalipotoka. Alikuwa na furaha, ila wasiwasi nao ulikuwemo. Umepata kozi uliyoichagua mwenyewe, lakini tayari jirani pale Manyatta ameuliza kama binti anaenda kuwa daktari wa wendawazimu, na mzee mmoja wa kanisani amesema kazi hiyo humrudia anayeifanya. Mimi nimeuguza wagonjwa wa akili katika hospitali za umma upande huu wa ziwa tangu wewe ukiwa chekechea, kwa hiyo acha nikuambie ninachokijua. Nakuandikia hadharani kwa sababu wako vijana wengi Kisumu, Kakamega, Siaya na Busia wanaofunga masanduku kwenda kusoma kitu hicho hicho, na wengi hawana mjomba wa kumuuliza.

Magonjwa ya akili hayaambukizi. Mama yako mwambie hilo leo.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni hili: msikilize mtu kabla hujaupa ugonjwa wake jina. Chuoni utajifunza majina mengi sana. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa raha, skizofrenia, ugonjwa wa wasiwasi, ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka, na kila moja lina orodha yake ya dalili. Yajue yote, mtihani utayataka na wagonjwa watayahitaji. Lakini jina likitangulia, masikio hufunga, na nimeona watu wakiumizwa na jina lililotolewa haraka kuliko walivyoumizwa na ugonjwa wenyewe.

Nikupe mfano mmoja, na nimebadilisha mambo madogo ili mwenyewe asijulikane. Mama mmoja muuza omena alikuja kliniki akilalamika kichwa, mgongo na usingizi usiokuja. Alikuwa ameshatibiwa malaria zaidi ya mara moja bila nafuu. Aliketi kwenye benchi la mbao, kikapu kati ya miguu yake, na mwanafunzi aliyekuwa kwenye mafunzo ya vitendo akamsomea dodoso tunalolitumia kupimia sonona. Lina maswali tisa, na kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hiyo jumla haizidi 27. Swali la kwanza huuliza kama katika wiki mbili zilizopita umekosa hamu au raha ya kufanya mambo.

"Sijakosa," mama akajibu. "Nisipofika ufuoni alfajiri watoto watakula nini?"

Mwanafunzi akaandika 0. Alikuwa sahihi kabisa kwa mujibu wa jibu alilopewa. Lakini alipokuwa akigeuza karatasi, mama yule alishika ncha ya leso yake, akaipiga fundo, akaifungua, akaipiga tena. Mwanafunzi aliliona lile fundo. Akaweka kalamu chini, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mama, Jumapili huwa unafanya nini?"

Ikatoka hadithi nyingine. Kumbe mama huyu alikuwa mwimbaji wa kwaya tangu usichana wake, yule anayeanzisha wimbo wengine wakafuata. Tangu baada ya Pasaka alikuwa anakaa viti vya nyuma. "Naenda, lakini nyimbo zinapita tu," alisema. "Hazinigusi." Mwanafunzi akarudi kwenye swali la kwanza, akafuta 0, akaandika 3. Kazi hakuwa na uhuru wa kuichoka, ila raha ilikuwa imemtoka kitambo. Kama mwanafunzi angefuata karatasi peke yake, mama yule angeondoka na panadoli nyingine.

Usinielewe vibaya, dodoso si adui. Liliundwa Marekani, lakini mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliolijaribu hapa hapa magharibi mwa Kenya kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na likaonekana linafaa. Hicho ndicho nataka ukione utakapokaa kwenye darasa la takwimu ukijiuliza ulikuja kusoma nini. Mwaka wa kwanza wengi hukata tamaa kwa sababu walitarajia kufundishwa kuzungumza na wagonjwa, na badala yake wanapewa wastani, mikengeuko na mbinu za utafiti. Vumilia. Mtu lazima awepo wa kuuliza kama kipimo kilichotengenezwa kwa watu wa kwingine kinapima kitu kile kile kwa mvuvi wa Dunga au mkulima wa miwa wa Mumias, na anayeuliza hivyo bila takwimu hasikilizwi na yeyote. Nataka uwe miongoni mwa wanaosikilizwa.

Katika somo la historia huenda ukakutana na jina la J. C. Carothers. Usilipite haraka. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, ilianza mwaka 1910, na mwaka 1938 serikali ya kikoloni ikamkabidhi daktari huyu aisimamie ingawa hakuwa amebobea katika magonjwa ya akili. Alikaa hadi mwaka 1950. Kisha mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha maandishi yake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo, na akadai kwamba sonona ni nadra kwetu. Mwaka uliofuata akaandikia serikali ripoti juu ya saikolojia ya Mau Mau, na watu waliokuwa wakidai ardhi yao wakaelezwa kana kwamba wanaugua.

Jiulize aliwaona kina nani. Waliofikishwa Mathari zama hizo aghalabu walikuwa wale waliovuruga utulivu, waliopelekwa na dola au na jamii iliyoshindwa nao. Mama aliyeacha kuimba hakupelekwa na mtu. Alibaki nyumbani, akachota maji, akapika, akanyamaza, na kwenye hesabu za Carothers hakuwepo. Kisha kutokuwepo kwake kukageuzwa kuwa sayansi. Hasira niliyo nayo kuhusu jambo hili haijapoa, na sitaki yako ipoe ukishalisoma.

Lakini soma pia juu ya Thomas Adeoye Lambo, daktari wa magonjwa ya akili wa Nigeria. Mwaka 1954 huo huo alikuwa Aro, karibu na Abeokuta, akifanya jambo tofauti kabisa: wagonjwa walikaa vijijini pamoja na jamaa zao huku wakipata matibabu ya hospitali, na waganga wa jadi walishirikishwa badala ya kufukuzwa. Aliwachukulia wagonjwa kuwa watu wenye kwao. Huyo ndiye ningependa umuige.

Jambo jingine: mwili usiusahau. Huku kwetu malaria iko kila mahali, na malaria kali inaweza kumfanya mtu aweweseke hadi asimtambue mamake. Sukari ikishuka sana mtu huropoka, watu wakadhani amelewa. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi, moyo hudunda na mikono hutetemeka, na mtu hutumwa kwa mshauri nasaha wakati alihitaji kupimwa damu. Kifafa utakikuta kwenye kliniki zetu karibu kila siku, ingawa ni ugonjwa wa ubongo, wala si wazimu, wala si pepo. Usimwambie mtu ni mawazo tu kabla mwenye ujuzi hajampima.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hulizunguka. Swali la mwisho kati ya yale tisa huuliza kuhusu mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru. Wanafunzi hulisoma kwa sauti ya chini, haraka, macho kwenye karatasi, na mgonjwa huelewa mara moja kwamba hatakiwi kujibu ndiyo. Liulize wazi, kwa utulivu: je, umewahi kufikiria kujiua? Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpunguzia mzigo, kwa sababu hatimaye yuko mtu asiyeogopa kusikia.

Uoga huo kwetu ulikuwa pia na mkono wa sheria. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na adhabu yake ilifika miaka miwili jela, au faini, au vyote viwili. Kwa hiyo jamaa walimleta mtu wao wakasema ni ajali. Mwili ulitibiwa, akaruhusiwa, akarudi nyumbani, na hakuna aliyemuuliza kilichomsibu. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, katika kesi iliyowasilishwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili. Siku ile niliposikia habari hizo nilikaa kwenye kiti cha wodi nikashindwa kuinuka kwa muda. Wewe utaanza kazi mahali ambapo mtu wa aina hiyo ni mgonjwa tu. Jamaa bado watadanganya kwa mazoea, na itakubidi uwaeleze polepole kwamba hakuna polisi anayekuja.

Kuhusu riziki, maana najua mama yako amekutuma uniulize: shahada ya kwanza ya saikolojia haikufanyi mtaalamu wa kutibu. Kuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014, iliyounda bodi ya kusajili watu wa kazi hii, na kabla ya kufungua mlango wa ofisi yako utahitaji masomo zaidi na mazoezi chini ya msimamizi. Daktari wa magonjwa ya akili ni njia nyingine, anaanza na udaktari wa kawaida kwanza. Wauguzi kama mimi tuna njia yetu. Nafasi za kazi serikalini ni chache, huo ndio ukweli. Ila marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yamezipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi, na wajibu ulioandikwa unaweza kudaiwa, hata mahakamani. Chagua chuo na kozi zinazofuata ukiwa na usajili akilini, na muulize mhadhiri wako jambo hilo mwaka wa kwanza, usingoje mwaka wa nne.

Nimalizie na wewe mwenyewe. Ukifika hosteli, habari kwamba unasoma saikolojia zitaenea, na watakuja kubisha usiku. Yule aliyeachwa, yule aliyefeli, yule ambaye babake amefariki na ada haijalipwa. Wakaribishe kama rafiki. Usijifanye mtaalamu, na usiwape majina ya magonjwa uliyoyasoma wiki ile. Mkopo wa HELB ukichelewa na msichana wa chumba cha pili anashindia chai, kisha analia kila jioni, mtafutie kwanza chakula. Mambo yakizidi, msindikize hadi kwa mshauri wa wanafunzi, usimwelekeze kwa kidole tu. Na mtu akikuambia anataka kujiua, siri hiyo usiibebe peke yako hata akikuapisha. Kaa naye, mwite mkubwa, usiku huo huo.

Na kuna usiku utasoma dalili za ugonjwa fulani ukajiona mwenyewe kwenye kila mstari. Hutokea kwa wanafunzi wengi wa fani hizi, hata wa udaktari. Funga kitabu, lala. Ukiamka siku nyingi mfululizo na bado hali ni ile ile, usingizi hauji, chakula hakipiti, basi nenda ukaonwe, na wala usione aibu kwamba unasomea jambo hilo hilo. Kwenye wodi yetu tunazungumza sisi kwa sisi baada ya zamu mbaya, tukiwa tumeketi, mlango umefungwa, na asiyekuwa na la kusema anakaa tu. Tafuta watu wa namna hiyo mapema. Kuna wenzangu waliobeba yote kimya, na kazi ikawashinda, nao walikuwa wazuri kuliko mimi.

Barua ya chuo ya kuombea nafasi ya mafunzo hospitalini anza kuifuata mwaka wa pili, kwa sababu wodi hupokea wanafunzi wachache na nafasi hujaa. Ukipata likizo ndefu nijulishe wiki mbili kabla, nimuombe msimamizi wetu kama utaruhusiwa kuketi kliniki siku ya Alhamisi, wagonjwa wenyewe wakikubali. Njoo na viatu vya kusimamia. Daftari liache nyumbani siku ya kwanza.

Ni mimi mjomba wako,
Kisumu