Barua ya wazi: Mheshimiwa, rekodi za magari yetu ziko wapi?

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Jina lako sitalitaja wala cheo, kwa kuwa nia yangu si kukuaibisha mbele ya watu. Wewe unajijua. Februari mwaka jana ulisimama mbele yetu katika ule ukumbi, tukiwa madereva sita kando ya wahadhiri, wenye magari na maafisa wa trafiki, ukatuambia kwamba Kenya haitaachwa nyuma katika mambo ya magari yaliyounganishwa kimtandao na magari yanayojiendesha. Ukasema itaundwa kamati ya pamoja ya watafiti, serikali na sisi tunaoshika usukani. Ukanitazama mimi niliyeketi karibu na dirisha, ukasema, "Hata huyu mzee atakuwamo." Nilipiga makofi hadi viganja vikaniwasha.

Nimengoja. Nililelewa nikijua mkubwa hukumbushwa kwa adabu kisha huachiwa nafasi. Nimekukumbusha mara tatu. Barua mbili nilizileta kwa mkono wangu, zikapigwa muhuri, nakala ninazo. Ningeendelea kungoja kama si Jumatano ya wiki jana, saa moja usiku, trela lilipokatikiwa breki kwenye mteremko wa Sachangwan likamvaa mwenzetu wa steji kutoka nyuma. Yuko hai. Asubuhi alinipigia simu akiwa kitandani, na alichouliza hata kabla ya salamu ni hiki: "Mzee, ile rekodi ya gavana naiombea wapi?" Gavana anayoisema ni kidhibiti mwendo cha gari. Mheshimiwa, nilinyamaza. Mwaka mzima natafuta jibu la swali hilohilo.

Nieleze kisa changu, ujue sisemi ya kusikia. Usiku wa Mei mwaka jana nilikuwa nateremka kutoka Mau Summit kuelekea Nakuru na abiria kumi na watatu. Mvua nyepesi, ukungu kidogo, gia ya tatu. Sikuwa na haraka. Taa za lori zikajaa kwenye kioo cha nyuma, nikasikia honi ndefu ya mtu ambaye hana kingine cha kufanya, kisha tukasukumwa kama mkokoteni. Makanga wangu, niliyefanya naye kazi miaka tisa, alivunjika mguu mahali pawili. Abiria mmoja, mwanafunzi, alivunjika mtulinga. Afisa aliyefika alimulika lami kwa tochi, akaandika kwamba mimi nilikuwa naenda mbio. Nikashtakiwa kuendesha gari kwa uzembe.

Sasa sikiliza. Ndani ya gari lile, chini ya dashibodi upande wa abiria, kuna kisanduku cheusi kama kitabu kidogo cha nyimbo za kanisani. Kina taa mbili. Ya kijani hupepesa kinapotuma habari, nyekundu huwaka mtandao ukikatika. Nimekitazama miaka na miaka. Najua pale Londiani Junction kijani hupepesa vizuri, na ukiteremka kidogo nyekundu hukushika. Kile ndicho kidhibiti mwendo. Hakizuii tu gari kupita kilomita 80 kwa saa, bali huandika mwendo, saa na mahali, kisha hutuma. Mwenye gari hukilipia kila mwaka. Usiku ule kilikuwa kizima, na taa ya kijani niliiona nikiwa nimebanwa kwenye kiti.

Niliomba dakika kumi za rekodi hiyo. Kampuni iliyotufungia ikasema rekodi ni ya serikali. Ofisi niliyotumwa ikasema rekodi ni ya kampuni. Nikarudi, nikaambiwa mfumo uko chini. Nikarudi tena, nikaambiwa aliyekuwa akishughulikia amehamishwa. Kesi imetajwa mara tano. Mwenye gari, ambaye simlaumu, amemweka dereva mwingine. Leo hii mimi, niliyeendesha tangu mwaka 2003, naosha magari ya watu kwenye ufuko wa ziwa, na mtoto wangu wa mwisho amerudishwa nyumbani kwa karo mara mbili muhula huu. Mke wangu hanisemi. Afadhali angenisema.

Nilianza kazi mwaka uleule marehemu John Michuki, waziri wa uchukuzi wakati ule, alipotoa Notisi ya Kisheria Nambari 161, ile iliyolazimisha matatu kuwa na gavana na mikanda. Ilipoanza kutekelezwa Februari 2004 matatu zililala, watu wakatembea kwa miguu, na sisi madereva tukamtukana. Nakiri kwamba miaka ya kwanza nilimlipa fundi wa jua kali akaichezea gavana yangu, na si mimi peke yangu. Niliacha baada ya kuona niliyoyaona kwenye barabara hii. Sachangwan, Januari 31, 2009, lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka, wakafa zaidi ya 100. Migaa, alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori vikakutana uso kwa uso, watu 36. Londiani Junction, Juni 30, 2023, trela likavuruga magari na wachuuzi kando ya barabara, zaidi ya 50. Pale Londiani ndipo nilipokuwa nikinunua mahindi ya kuchoma. Mama aliyekuwa akiniuzia sikumwona tena, na sijawahi kuthubutu kuuliza.

Baada ya Migaa ulijengwa ukuta wa zege kutenganisha njia eneo la Salgaa. Umesaidia sana, na mwenye kusaidia ashukuriwe. Lakini ukuta hauwezi kukuambia lori lilianza kushuka na mwendo gani, wala dereva alikuwa amekaa kwenye usukani saa ngapi, wala kama alitia nyutro pale juu ili aokoe mafuta. Kisanduku kinaweza. Ndiyo maana nakuambia magari yaliyounganishwa si jambo la kesho. Matatu yangu ya abiria kumi na wanne imekuwa ikizungumza na mtandao miaka yote hii. Tatizo ni kwamba hakuna anayeisikiliza.

Katika mkutano ule mhadhiri mmoja alitueleza habari ya Tempe, Arizona, huko Marekani. Machi 18, 2018, usiku, gari la majaribio lililokuwa likijiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara akisukuma baiskeli. Wachunguzi wa serikali yao waligundua kwamba rada ya gari ilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Ilimwona! Lakini kompyuta ikawa inabadilisha mawazo: mara ni gari, mara ni kitu kingine, mara ni baiskeli. Haikuwa imefundishwa kwamba mtu anaweza kuvuka mahali pasipo na kivuko. Sikulala vizuri siku ile. Nilifikiria Ahero siku ya soko, mama na beseni la omena kichwani, kijana wa boda aliyepakia kochi zima akiwa amelikalia kwa juu, ng'ombe watatu wanaofuata majani katikati ya lami, mkokoteni wa maji unaokuja upande usio wake. Kondele nani huvuka kwenye kivuko? Kivuko chenyewe kimefutika. Gari lililofundishwa barabara za Arizona tukiletewa hapa litatusomaje? Nani atalifundisha, kama watafiti wa vyuo vikuu vya Maseno na Masinde Muliro hawana hata rekodi za barabara iliyo mbele ya lango lao?

Na magari hayo hayangoji kamati. Yanakuja kwa meli. Tunaruhusu gari la mtumba lisilozidi miaka 8, kwa hiyo mwaka huu wa 2026 yanaingia yaliyosajiliwa tangu 2019. Japani, tunakoyatoa mengi, iliamuru kwamba kuanzia Novemba 2021 kila modeli mpya ya gari dogo linalotengenezwa kwao iwe na breki inayojifunga yenyewe gari likiona hatari mbele. Piga hesabu. Mpwa wangu tayari analo mojawapo, alililetewa kupitia Mombasa, kwenye dashibodi likimsemesha Kijapani asichokielewa. Kioo chake cha mbele kilipasuka kwa jiwe, akaenda kwa fundi, akawekewa kingine. Nyuma ya kile kioo cha ndani cha kutazamia nyuma kuna kamera ndogo, jicho la gari. Fundi aliibandika kwa gundi na selotepu, ikaangalia juu kidogo. Hakujua kwamba inapaswa kupimwa upya; nani angemwambia? Wiki mbili baadaye, kwenye Barabara ya Jomo Kenyatta hapa mjini, gari lilijifunga breki lenyewe mbele hakuna kitu. Boda ikaingia nyuma. Kijana wa watu alipoteza meno manne.

Wataalamu hupanga magari haya kwa viwango vya kujiendesha, 0 hadi 5. Hili la mpwa wangu liko chini kabisa, kiwango ambacho dereva bado ndiye mwenye lawama zote. Basi angalau dereva ajue anaendesha nini, na fundi wa Kibuye afundishwe.

Ulaya tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa lazima liwe na kifaa kinachomwambia dereva kwamba amepita mwendo unaoruhusiwa. Kifaa hicho husoma vibao vya barabarani na ramani. Sisi vibao vyetu hung'olewa vikauzwa kama vyuma chakavu. Kutoka Awasi hadi Kericho kuna mahali ninapojua ni kilomita 50 kwa saa kwa sababu tu nilikuwepo kibao kikiwa bado kimesimama. Mgeni atajuaje? Gari litajuaje? Kazi kama hiyo, ya kuandika mwendo wa kila kipande cha barabara kwenye ramani iliyo wazi kwa kila mtu, wanafunzi wa politekniki ya Kisumu wangeifanya likizo moja, na sisi madereva tungewaonyesha kila kona bure.

Uingereza ilipitisha sheria ya magari yanayojiendesha Mei 2024. Mhadhiri yule alinisomea kifungu kimoja nikamwomba arudie. Kinasema kutakuwa na wakaguzi wa kuchunguza ajali za magari hayo, na kazi yao ni kujifunza ili isitokee tena, si kutafuta wa kulaumiwa. Mheshimiwa, mimi nimekaa kizimbani. Kwetu ajali ikitokea hushikwa dereva aliye hai, gari huvutwa hadi kituoni likaota nyasi, na kisanduku hung'olewa na yeyote mwenye bisibisi. Fundi mmoja aliniambia rekodi ya zamani ndani yake hufutwa na mpya kadiri siku zinavyokwenda. Maana yake kila ajali inatuua mara mbili, mara ya pili kwa kutotufunza chochote.

Kwa nini hampendi kuzifungua rekodi hizi? Sina ushahidi, nasema ninavyodhani. Nadhani zikifunguliwa zitaonyesha magavana mangapi yamechezewa na bado yakapita ukaguzi. Nadhani pia kuna wanaozihesabu kuwa mali yao ya biashara. Labda ni uzembe tu, makabati mawili yasiyozungumza. Kama nakosea nisahihishe hadharani, nitaomba radhi hadharani.

Usiniambie ni siri za watu. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Watafiti hawahitaji jina langu wala nambari ya gari, wanahitaji mwendo, saa, mahali na breki. Na kwa anayeomba rekodi yake mwenyewe, Kifungu cha 35 cha Katiba kipo, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imetoa siku 21 za kujibiwa. Mimi nina zaidi ya siku mia tatu.

Kazi ya kupanua barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit ilizinduliwa Novemba 2025. Hilo ni jambo kubwa na nafurahi. Lakini waite wahadhiri wa Egerton na wa huku kwetu mezani sasa, kabla lami haijamwagwa, waseme kamera zikae wapi, mtandao upite wapi, ile taa nyekundu izime wapi. Ukingoja barabara iishe ndipo uwaite, watakuja kukata utepe tu. Na dereva mmoja awe mezani. Si lazima niwe mimi.

Nilitaka kuandika mambo mengi zaidi, juu ya malori na saa za kupumzika, juu ya mafunzo, juu ya ile kamati. Nimeyafuta. Kesi yangu inarudi kortini baada ya wiki tatu. Makanga wangu anatembea kwa magongo na kila Jumapili baada ya kanisa huniuliza kama zile rekodi zimepatikana. Mwenzangu wa Sachangwan naye sasa ameanza safari yangu, ofisi hadi ofisi, akiwa na bendeji kichwani.

Wape watafiti rekodi. Na kama hilo ni zito kwako mwaka huu, basi nipe hizi zangu tu. Usiku ule, mteremko ule, kuanzia saa mbili na nusu hadi saa mbili na dakika arobaini. Dakika kumi, Mheshimiwa. Zikionyesha nilienda mbio, nitafungwa bila kukata rufaa.

Wako kwa heshima,

Dereva wa Kisumu–Nakuru