Valvu bado zinatengenezwa, tusiuze amplifaya za zamani kwa skrepa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala mliyoichapa kuhusu vyombo vya bendi za zamani za mikoa ya kati. Mwandishi alizieleza vizuri enzi za dansi Dodoma na Singida, ila akamalizia kwa kusema kwamba amplifaya za valvu (vile vioo vinavyokuza sauti, vilivyotumika kabla ya transista) zilizobaki kwenye stoo za kumbi na makanisa ni vyuma chakavu, kwani valvu hazitengenezwi tena. Hilo si kweli, na nahofia kuna mtu ameshalisoma na kumwita mnunuzi wa skrepa. Mimi ni fundi wa vyombo vya muziki hapa Chang'ombe, Dodoma, na amplifaya hizo ndizo ninazozishughulikia kila siku.

Valvu zinatengenezwa hadi leo. JJ Electronic wanazitoa katika mji wa Čadca, Slovakia. Kiwanda cha Saratov, Urusi, kinatoa Sovtek, Electro-Harmonix na Tung-Sol. China nako zinatoka. Kilichowachanganya wengi ni mwaka 2022: vita vya Ukraine vilipoanza, mwezi Machi Urusi ikazuia baadhi ya bidhaa kwenda nje, wauzaji wakaishiwa mzigo na bei zikaruka. Baadaye mzigo ukaanza kutoka tena. ECC83, EL84, EL34, 6V6, 6L6, namba zile zile walizokuwa wakizitafuta baba zetu, leo unaziagiza zikiwa mpya.

Kazi iliyopo ni kuchagua, na hapo ndipo watu wanapoibiwa. Vijana huja wakiniuliza, "Fundi, orijino ni ipi?" Wanamaanisha yenye jina la Mullard au Telefunken, viwanda vya zamani vya Ulaya. Mullard ya Blackburn, Uingereza, iliacha kutengeneza valvu miaka mingi iliyopita. Jina hilo sasa linachapwa kwenye valvu za Saratov. Ni valvu nzuri na simzuii mtu kuzinunua, mradi ajue anacholipia.

Kuna mzee wa Kondoa, mpiga solo mstaafu, mwanawe alimletea EL84 nne za amplifaya yake ya gitaa, Vox AC30, kutoka duka moja la mjini. Waliambiwa ni za Blackburn, za miaka ya sitini, hazijawahi kutumika, na bei ililingana na maneno hayo. Nilizigeuza moja moja chini ya taa. Mullard ya kweli ina msimbo mdogo wa kijivu kwenye kioo karibu na pini, na ndani yake mna herufi ya kiwanda, B kwa Blackburn. Hapa hapakuwa na msimbo hata kwenye moja. Ukichungulia kioo, sahani za ndani (vile vipande vya chuma) za mbili zilikuwa na umbo tofauti na za wenzake, ingawa maandishi ya nje yalifanana. Moja ilikuwa mbovu kabisa: ile rangi ya fedha inayong'aa juu ya kioo ilikuwa imegeuka nyeupe, maana yake hewa imeshaingia. Mzee alisikitika sana, na mimi pia, maana zile fedha zilikuwa za mahindi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wenye amplifaya ni huu. Kwa valvu za kutoa nguvu, zile zinazosukuma spika, nunueni za viwanda vinavyofanya kazi leo, kwa muuzaji anayezipima, anayezipanga kwa jozi zinazolingana na anayetoa dhamana. Wengi wanaojulikana nje hutoa siku 90. Valvu ya zamani isiyo na karatasi ya vipimo iacheni, hata boksi liwe zuri namna gani. Kulingana ni jambo kubwa kwenye chombo kama AC30, ambamo EL84 zote nne zinatumia rezista moja ya katodi, kile kipande kinachopunguza umeme unaopita kwenye valvu. Tuseme rezista hiyo ni ya omu 50 na unapima volti 10 juu yake: hizo ni miliampea 200, yaani 50 kwa kila valvu. Ukizidisha kwa volti 300 unapata wati 15, na hata ukitoa sehemu inayopita kwenye gridi ya pili (waya wa ndani unaochukua kiasi cha umeme huo) bado unabaki juu ya wati 12 ambazo EL84 imepangiwa. AC30 inazifanyisha kazi kwelikweli. Ikipatikana moja inayovuta kuliko wenzake, ndiyo inayokufa kwanza.

Valvu ndogo za mwanzo, zile ECC83, ni habari nyingine. Zinadumu muda mrefu sana, na mara nyingi mteja ananiletea seti nzima mpya wakati za zamani ni nzima. Washa amplifaya, fungua sauti kiasi, igonge kila moja taratibu kwa penseli. Inayotoa mlio kama kengele kwenye spika ihamishe, isikae kwenye soketi ya kwanza ya gitaa, maana hapo kila kelele inakuzwa. Hapo ndipo iwekwe ile iliyo kimya kuliko zote.

Namba nazo zinasumbua. ECC83 ya Ulaya ndiyo 12AX7 ya Wamarekani. EL84 ni 6BQ5, GZ34 ni 5AR4. Mfumo wa Ulaya unasomeka: E ni hita (waya unaoipasha valvu joto) ya volti 6.3, C ni triodi (valvu ya vipande vitatu), na CC ni triodi mbili ndani ya kioo kimoja. L ni pentodi ya nguvu (ya vipande vitano). Tarakimu ya kwanza ikiwa 8 ni kitako cha pini tisa, ikiwa 3 ni kile kinene cha pini nane. Msikubali fundi awaambie "hii inaingia tu". 6L6 inaingia vizuri kwenye soketi ya EL34, lakini miliampea zake lazima zipangwe upya, na ukibadili kinyume, EL34 inahitaji pini ya kwanza iunganishwe na ya nane, jambo ambalo amplifaya ya 6L6 huenda haina.

Sasa neno ambalo nalitilia mkazo kuliko yote: valvu mpya isiwekwe kabla amplifaya haijachunguzwa. Kapasita zinazopeleka sauti kwenye valvu za nguvu zikizeeka huvujisha umeme wa DC (ule wa upande mmoja), ambao zilipaswa kuuzuia. Chomoa valvu za nguvu, washa, pima pini ya gridi, yaani ile inayopokea sauti, ambayo kwa EL84 ni pini ya pili. Kwenye chombo kama AC30 iwe sifuri. Volti mbili au tatu chanya zinatosha kuifanya valvu mpya ivute mpaka sahani yake iwe nyekundu. Zima taa za karakana uone: wekundu unaanza katikati ya sahani, unatanuka, na usipozima haraka valvu imekwenda, pengine na transfoma. Kazi hii afanye anayeijua. Mle ndani mna zaidi ya volti 300, na kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi.

Kingine ni umeme wa ukutani. Amplifaya nyingi za zamani zina swichi ya volti nyuma, na nimezikuta zimewekwa chini ya 230 yetu. Hita iliyopaswa kupata 6.3 inapata 7, na valvu inazeeka kabla ya wakati. Hapa kwetu, ambapo umeme unaweza kupanda usiku, stabilaiza nzuri italinda valvu kuliko jina lolote lililoandikwa kwenye kioo. Vumbi la Dodoma nalo linaingia kwenye soketi. Safisheni kabla ya kuchomeka.

Gharama ya posta kwa valvu mbili inaumiza. Viongozi wa kwaya na wenye bendi za Dodoma, Manyoni na Singida wangeweza kuagiza pamoja, kwani wengi wanatumia namba zile zile, na mzigo mmoja ukafungwa vizuri kuliko vifurushi vitano.

Namwomba mhariri asahihishe ile makala. Na kwa yeyote mwenye amplifaya stoo: fungueni kifuniko cha nyuma ikiwa haijachomekwa, bila kugusa ndani, mwandike namba zilizo karibu na kila soketi. Mkienda kwa fundi, pelekeni na valvu za zamani, hata zilizoungua, na mziache kila moja kwenye soketi yake.

Fundi wa vyombo vya muziki,
Chang'ombe, Dodoma.