Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: vidonge vya foliki peke yake havitoshi

Mheshimiwa Waziri,

Kila maradhi ya mgongo wazi, yaani kasoro ya mtoto kuzaliwa uti wake wa mgongo haujafunga, yanapojadiliwa, mazungumzo huishia kwenye vidonge vya asidi ya foliki, ambayo ni vitamini. Nami navitetea kwa moyo wote. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kuwa, kwa wanawake waliowahi kubeba mimba yenye kasoro ya namna hii, foliki ilipunguza kujirudia kwake kwa asilimia 72. Asilimia iliyobaki nao ni watoto, na kwa ajili yao naomba utafiti wa kiinitete, yaani mtoto katika wiki za kwanza za mimba, utengewe fedha.

Ubongo na uti wa mgongo huanza kama bamba la seli linalojikunja hadi kingo zake zikaungana kuwa mrija wa neva; mrija huo usipofunga mgongoni, ndipo mgongo wazi hutokea. Kazi hiyo humalizika mnamo siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, wakati akina mama wengi hata hawajajua kuwa ni wajawazito. Kuwa na jeni nzima hakutoshi. Protini ikishaundwa hubandikwa vikundi vidogo vya kemikali, kama fosfati, methili au asetili, na vikundi hivyo ndivyo huiwasha, huizima au huihamisha. Foliki yenyewe husaidia mwili kupata methili.

Tazama valproeti, dawa ya kifafa. Huzuia vimeng'enya (protini zinazoendesha kazi za kemikali mwilini) vinavyobandua asetili kwenye histoni, yaani protini ambazo DNA huzizunguka. Ikitumiwa mwanzoni mwa mimba, takriban mimba 1 hadi 2 katika kila 100 hupata mgongo wazi, kiwango kilicho juu sana kuliko kawaida. Kwa upande wa pili, panya ambao kimeng'enya chao cha Gcn5 kimepoteza uwezo wa kubandika asetili hupata, wakiwa bado tumboni, mrija usiofunga kichwani. Kuzuia kubandua kunadhuru, na kukosa kubandika kunadhuru! Ni protini zipi hasa zinazoguswa, na katika saa zipi? Hilo halijibiwi na vidonge. Linahitaji maabara na wataalamu wanaolipwa kwa miaka kadhaa mfululizo.

Wakati tukisubiri majibu, agiza kila kliniki inayotoa valproeti izungumze na mwanamke kabla hajashika mimba, na imwambie waziwazi asiiache dawa bila daktari, kwani degedege nalo huua.

Wako katika kuwatetea watoto hawa,
Mwalimu wa baiolojia